Maharagi ya shule na damu ya wasichana wetu



Kila mavuno tunafanya vilevile: maharagi mazuri yanaingia kwenye magunia, yanaenda soko, na nyumbani tunabakisha muhogo. Halafu msichana wa miaka 14 analala darasani, mwalimu anasema ni mvivu. Mimi pia nilifikiri hivyo, mpaka siku nilienda kwenye shule moja kufundisha namna ya kutengeneza mbolea. Saa nne asubuhi wasichana watatu walikuwa wameketi chini ya mti, kichwa kinazunguka. Niliuliza, mlikula nini? Chai kavu. Na jana usiku? Bugali na sombe kidogo.

Umri ule mwili unakua haraka, na msichana anapoteza damu kila mwezi. Ili kutengeneza damu mpya anahitaji madini ya chuma, karibu miligramu 15 kwa siku. Mvulana wa umri ule naye anahitaji 11. Bugali ya muhogo inashibisha tumbo, lakini chuma ndani yake ni kidogo sana.

Maharagi ndiyo yanacho. Kilo moja ya maharagi ya kawaida iko na miligramu 50 hivi. Mbegu zilizoboreshwa, zile tunaita maharagi ya chuma, zinaweza kufika karibu 90. Shida ni kwamba mwili unachukua sehemu ndogo tu ya chuma hicho, na hapa kazi ni ya mpishi. Loweka maharagi usiku kucha, mwaga maji yale: yataiva upesi na kuni hazitaisha sana. Weka nyanya, ao kila mtoto apate pera ao chungwa wakati wa kula, chuma kitaingia vizuri zaidi. Sambaza kidogo za kusaga zinasaidia pia. Adui ni chai, sababu inafunga chuma tumboni. Najua watu wetu wa milimani na chai yao! Siwaambii waiache, watoto wangoje tu saa moja hivi nyuma ya chakula.

Lakini msichana ambaye kichwa kinamzunguka kila siku apelekwe kituo cha afya. Sahani ya maharagi peke yake haitamponyesha haraka.

Sasa hesabu. Mtoto mmoja, gramu 60 za maharagi makavu. Watoto 100, kilo 6 kwa siku, kilo 30 kwa juma la siku tano, kilo 360 kwa majuma 12. Koperative ya wanamemba 60 ikikubali, kila mmoja anatoa kilo 6. Wengine watauliza, nani atalipa? Mzungumze na kamati ya wazazi, lakini mzungumze mbele ya wanunuzi kufika na mizani yao, maana nyuma ya hapo hakuna cha kuzungumzia.

Mkishakusanya, kausheni vizuri, muweke ndani ya bidoni na mfunge kabisa, hewa isiingie, wadudu watakufa. Bidoni ya litre 20 inaingiza kama kilo 15. Kwa zile 360 tafuteni bidoni 24.