Uvimbe na Madoa ya Unyayoni: Namna Magonjwa Adimu ya Ngozi Yanavyotambuliwa

Unyayo ni miongoni mwa sehemu za mwili zinazotazamwa kwa nadra sana, kwa kuwa mgonjwa anayefika kituo cha afya kwa homa au kikohozi mara nyingi huchunguzwa akiwa amevaa viatu. Hata hivyo, katika Afrika Mashariki magonjwa kadhaa adimu na hatari ya ngozi huanzia mguuni. Matatu kati yake, yaani melanoma ya unyayo, saratani ya Kaposi na mguu wa Madura, yanastahili kufahamika na kila mtu, kwa sababu kwa kawaida huanza bila maumivu na hufanana na mambo yaliyozoeleka kama vile sugu, mchubuko, jipu au fangasi. Kijitabu hiki kinaeleza namna yanavyotofautishwa, na kwa nini jicho peke yake, hata likiwa la bingwa, halitoshi kuyapa jina.

Melanoma ni saratani ya seli zinazotengeneza melanini, ambayo ndiyo rangi inayoipa ngozi weusi wake. Kwa watu wenye ngozi nyeusi saratani hii ni nadra, na kutokana na unadra huo imeenea dhana kwamba haiwapati kabisa. Dhana hiyo ni potofu na ya hatari, maana melanoma inayowapata huota zaidi pale ambapo ngozi yao ina rangi hafifu, yaani unyayoni, kiganjani na chini ya kucha, wala jua si chanzo chake kikuu. Mwanamuziki Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981 akiwa na umri wa miaka 36, aliugua melanoma iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Doa la kutiliwa shaka ni lile jipya au linalopanuka, lenye kingo zisizolingana na rangi zaidi ya moja. Ukuchani jambo huwa gumu zaidi, kwani watu weusi wengi huwa na mistari myeusi kwenye kucha kadhaa bila ugonjwa wowote. Kinachopaswa kushtua ni mstari katika ukucha mmoja tu wa mtu mzima, unaozidi kuwa mpana, hasa rangi yake ikivuka ukucha na kuingia kwenye ngozi inayouzunguka, dalili ambayo hadi leo huitwa kwa jina la Jonathan Hutchinson, daktari wa London wa karne ya 19. Ikumbukwe pia kwamba baadhi ya melanoma hazina weusi wowote, bali huonekana kama kinyama chekundu kinachotoa damu kwa urahisi, na hizo ndizo zinazotibiwa kwa muda mrefu kama kidonda cha kawaida.

Saratani ya Kaposi ilielezwa mwaka 1872 na Moritz Kaposi, daktari wa ngozi wa Vienna, na virusi vinavyohusika nayo, vya jamii ya hepesi viitwavyo HHV-8, viligunduliwa mwaka 1994. Wengi huihusisha na Ukimwi, na ni kweli kwamba VVU huongeza sana uwezekano wa kuipata. Hata hivyo, ilijulikana Uganda na nchi jirani kabla ya janga la Ukimwi, na kwa hiyo majibu yanayoonyesha kwamba mtu hana VVU hayaiondoi katika orodha ya yanayoshukiwa. Vitabu vingi huonyesha madoa mekundu au ya zambarau juu ya ngozi nyeupe, ilhali juu ya ngozi nyeusi madoa hayo huwa ya kahawia iliyokolea au meusi kabisa. Mguu ukivimba na kuwa mgumu, jamii huuita matende, na mgonjwa huishia kwenye dawa za matende. Mhudumu makini hutazama pia kaakaa, yaani sehemu ya juu ndani ya kinywa, ambako madoa hayo hujitokeza mara nyingi.

Mguu wa Madura, ambao jina lake linatokana na mji wa Madurai kusini mwa India, si saratani, ingawa hufanana nayo. Kuvu au bakteria waishio udongoni huingia kupitia jeraha dogo, labda la mwiba, kisha kwa miaka mguu huvimba, hutoboka vitundu na kutoa usaha wenye punje ndogo. Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele mwaka 2016. Rangi ya punje husaidia, kwa kuwa nyeusi kwa kawaida huashiria kuvu na nyekundu huashiria bakteria, lakini nyeupe na za manjano zinaweza kuwa za upande wowote. Na kosa hapa ni zito, maana antibiotiki haziui kuvu, na dawa za kuvu haziui bakteria.

Kipimo kinachoamua ni biopsi, ambayo wengi huiita kipimo cha kinyama. Mgonjwa huchomwa sindano ya ganzi, kisha kipande kidogo cha ngozi hutolewa kwa kisu au kwa kifaa cha mviringo chenye upana wa milimita 4 hivi. Inaposhukiwa melanoma, ni bora doa dogo litolewe lote, kwa sababu mtaalamu wa patholojia, yaani daktari anayechunguza tishu kwa hadubini, anahitaji kupima unene wake. Kipimo hicho cha unene, alichokieleza Alexander Breslow mwaka 1970, ndicho kinachobashiri kwa uhakika zaidi hatima ya mgonjwa: melanoma isiyozidi milimita 1 mara nyingi hupona kwa upasuaji pekee.

Kipande huhifadhiwa katika fomalini, dawa inayozuia tishu kuoza. Fomalini, hata hivyo, huua vijidudu, hivyo unaposhukiwa mguu wa Madura kipande cha pili huwekwa katika maji ya chumvi safi ili vijidudu vioteshwe maabara. Kwa Kaposi, kingamwili maalumu hutumiwa kuonyesha protini ya HHV-8 ndani ya seli. Fomu inayoambatana na kipande iandikwe umri, mahali kilipotolewa, muda wa ugonjwa na kinachoshukiwa, kwani fomu tupu huzaa majibu yasiyo na msaada; na majibu yakipingana na yanayoonekana mguuni, uchunguzi urudiwe.

Hofu kwamba kisu husambaza saratani bado inawazuia wengi, ilhali hakuna ushahidi kwamba biopsi hupunguza uhai wa mgonjwa wa melanoma. Kinachoupunguza ni kuchelewa. Lisilokubalika ni kukata uvimbe na kuutupa bila kuupima. Mjini Moshi, katika hospitali ya KCMC, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kimewafundisha wahudumu kutoka nchi nyingi za Afrika tangu mwaka 1992, na rufaa kwa wataalamu wa aina hiyo ni haki ya mgonjwa. Yeyote mwenye doa linalopanuka, au kidonda kisichopona ndani ya wiki 4, aende kituo cha afya, avue viatu, aombe nyayo zake zitazamwe, na akikatwa kinyama aulize kimepelekwa maabara gani na majibu yatatoka lini.