Kubadili majina ya safu katika pandas

Jedwali likitoka Excel, vichwa vya safu zake huja na uchafu wa kila namna: herufi kubwa na ndogo zilizochanganyika, mabano, na nafasi tupu zisizoonekana kwa macho. Katika pandas, maktaba ya Python ambayo Wes McKinney alianza kuiandika mwaka 2008, vichwa hivyo hubadilishwa kwa amri ya rename. Amri hupewa kamusi, jina la zamani kushoto na jipya kulia (df ni jedwali lenyewe):

df = df.rename(columns={"Jina la Mteja": "mteja", "Kiasi (TSh)": "kiasi"})

Wanaoanza husahau ile "df =" ya mwanzo. Kwa kawaida rename hailigusi jedwali lililopo, hutoa jingine, nalo lisipopokewa limepotea. Wengine huongeza inplace=True ili kubadili lilelile, kisha kwa mazoea wakaiacha "df =" mahali pake. Hapo amri hurudisha None, na df haina tena jedwali. Afadhali inplace isitumike kabisa.

Mtego mbaya zaidi ni ule wa kimya. Jina lisipopatikana, rename hulipita bila neno. Kichwa kikiwa "Jina la Mteja " chenye nafasi moja mwishoni, amri ya juu hupita salama na safu hubaki na jina lake la zamani. Kosa huja kuibuka mbali huko chini, KeyError: 'mteja', kwenye mstari usio na hatia. Kuongeza errors="raise" ndani ya rename husimamisha kazi palepale. Nafasi yenyewe hufichuliwa na print(df.columns.tolist()), kwa kuwa kila jina huchapwa ndani ya alama za nukuu.

Safu zikiwa nyingi, husafishwa zote kwa mkupuo:

df.columns = df.columns.str.strip().str.lower().str.replace(" ", "_")

Inawezekana pia kuipa df.columns orodha kamili ya majina mapya. Idadi isipolingana, ValueError hutokea. Idadi ikilingana lakini mpangilio ukakosewa, hakuna wa kulalamika: fedha hukaa chini ya "tarehe". Njia hiyo hufaa majedwali madogo tu.

Anayehamia lugha ya R ajihadhari na maktaba yake ya dplyr. Huko nako amri inaitwa rename, ila jina jipya ndilo hukaa kushoto.