Muulize diwani: ushuru huu ni wa sheria gani, na nani anatulinda?

Tuchukue mfano. Mkulima wa Kata ya Ulaya, wilayani Kilosa, amepakia magunia sita ya mahindi kwenye Fuso ayapeleke Morogoro mjini. Kwenye kizuizi anaambiwa alipe ushuru wa mazao, la sivyo gari halipiti. Analipa, kwa sababu dereva ana haraka na wenzake wameshaanza kununa. Mwezi huohuo, kijijini kwake, mjumbe anapita nyumba hadi nyumba akikusanya mchango wa ulinzi. Analipa tena, bila stakabadhi. Malipo yote mawili yanahitaji maelezo, na sheria inamtaja anayepaswa kuyadai kwa niaba ya mkulima huyu: diwani wa kata yake, ndani ya Baraza la Madiwani la Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa.

Tuanze na fedha. Ibara ya 138 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inasema hakuna kodi ya aina yoyote itakayotozwa isipokuwa kwa sheria iliyotungwa na Bunge, au kwa utaratibu uliopewa nguvu na sheria ya Bunge. Halmashauri inapata uwezo wake wa kutoza kutoka Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, na kutoka sheria ndogo zinazotungwa na madiwani wenyewe. Sheria ndogo ya halmashauri haiwi sheria kwa sababu tu imepitishwa kikaoni. Wananchi watakaoguswa nayo wanatakiwa kujulishwa mapema na kupewa nafasi ya kuleta pingamizi au maoni kwa maandishi, Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI anaidhinisha, kisha inachapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Kwa hiyo unapotozwa kitu usichokielewa, swali la kwanza ni fupi: naomba kuiona sheria ndogo na namba ya tangazo lake la Serikali. Mtendaji wa Kata akikujibu kwamba hayo ni maagizo kutoka juu, hajakujibu.

Ushuru wa mazao una historia ambayo kila mkulima wa Kilosa anapaswa kuijua, kwa sababu ni historia ya wananchi kulalamika hadi sheria ikabadilika. Mwaka 2003 Serikali ilifuta kodi ya maendeleo, ile iliyowafanya wanaume wakimbilie porini wakisikia mgambo wanakuja, pamoja na tozo nyingine nyingi ndogo ndogo. Ushuru wa mazao ulibaki, ukiwa na kikomo cha asilimia 5 ya bei ya shambani. Mwaka 2017 Bunge lilikishusha kiwango hicho hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Mwaka huohuo Serikali ilielekeza kwamba anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine asitozwe ushuru. Viwango vinaweza kuguswa kila Juni na Sheria ya Fedha, kwa hiyo dai kuonyeshwa kiwango cha mwaka huu, usitegemee cha kusimuliwa.

Sasa rudi kwa yule mkulima wa Ulaya. Magunia sita ya kilo 100 ni kilo 600, na tani moja ni kilo 1,000. Mzigo wake uko chini ya kikomo. Lakini kama gunia limefungwa lumbesa, hesabu inaharibika, na inaharibika kwa hasara yake: mnunuzi anapata kilo za bure na kizuizini mzigo unaonekana mkubwa. Lumbesa hairuhusiwi chini ya sheria ya vipimo, na kuikataa kunakulinda sokoni na barabarani pia. Kumbuka vilevile kwamba ushuru wa mazao ni mzigo wa mnunuzi. Dalali anayekukata ushuru huo kwenye bei anakubebesha deni lake.

Kama malipo ni halali, toa, lakini ondoka na stakabadhi ya mashine ya kukusanyia mapato ya halmashauri, au lipa kwa namba ya malipo ya Serikali kupitia simu au benki. Karatasi ya daftari yenye mhuri uliofifia haitakusaidia kudai chochote, na fedha yako huenda isifike hata kwenye akaunti ya halmashauri. Aliyekataa kukupa stakabadhi ametoa sababu tosha ya kupiga 113, simu ya bure ya TAKUKURU.

Tuje kwa diwani mwenyewe. Baraza la Madiwani linakutana walau mara moja kila miezi mitatu. Ndani yake wamo madiwani wa kata na wa viti maalumu, na pia wabunge wa majimbo yaliyomo, kwa hiyo mbunge wa Kilosa na mbunge wa Mikumi wote ni wajumbe. Upande wa pili wa meza anakaa Mkurugenzi Mtendaji na wakuu wa idara zake. Kwa kawaida kikao huanza na taarifa za kata, na hapo ndipo shida ya Ruhembe, Kidodi, Dumila au Rudewa inapoingia kwenye kumbukumbu rasmi. Mkutano wa Baraza uko wazi kwa wananchi na waandishi wa habari. Hutapewa nafasi ya kusema, lakini una haki ya kukaa na kusikiliza diwani wako alisema nini, au kama alinyamaza.

Diwani naye hawezi kuuliza asichokijua, kwa hiyo mpelekee swali lililoandikwa. Liandike hivi: katika robo mwaka iliyopita, ushuru wa mazao uliokusanywa kwenye kizuizi fulani ni kiasi gani, kiasi gani kilipelekwa benki, na kiasi gani kilirudi kwenye kata yetu kama miradi? Swali la namna hii halijibiki kwa “tunalifanyia kazi”. Litabana wataalamu watoe tarakimu, na tarakimu zitalinganishwa na zile za kikao kijacho.

Kwenye usalama ndipo ninapoona wananchi wanakatwa kauli mapema mno. Ukimuuliza diwani kuhusu wizi wa mifugo, mapigano ya mashambani au tembo, huenda akakuambia kwamba hayo ni ya Mkuu wa Wilaya. Jibu hilo lina nusu ya ukweli. Ni kweli Kamati ya Usalama ya Wilaya inaongozwa na Mkuu wa Wilaya, polisi hawaagizwi na Baraza, na hakuna diwani mwenye mamlaka ya kudai mipango ya siri ya ulinzi isomwe hadharani. Lakini Ibara ya 146 ya Katiba inaitaja kazi ya serikali za mitaa kuwa pamoja na kuhakikisha utekelezaji wa sheria na ulinzi wa wananchi. Na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, inaweka kudumisha amani na utulivu miongoni mwa majukumu ya msingi kabisa ya halmashauri. Halmashauri haiwezi kulikwepa swali la usalama kwa kuelekeza kidole ofisi ya jirani.

Kilosa inajua gharama ya swali hili kuachwa. Tarehe 8 Desemba 2000 watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Mauaji yale yalikuwa na mizizi iliyokuwa ikionekana muda mrefu: mipaka ya vijiji isiyokubalika pande zote, ng'ombe kwenye mashamba, malalamiko yaliyofikishwa ofisini bila kumalizwa. Mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji, njia za mifugo, majosho na malambo ni mambo ya halmashauri na vijiji vyake. Diwani anaweza kuuliza vijiji vingapi vya kata yake vina mpango huo, na vilivyobaki vimetengewa fedha gani kwenye bajeti ya mwaka huu. Kwa maoni yangu hilo ndilo swali la usalama lenye uzito kuliko mengine yote wilayani humo, na linamhusu mfugaji sawasawa na mkulima.

Mafuriko pia ni usalama. Mto Mkondoa ulipofurika mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, maelfu ya watu walipoteza makazi na reli ya kati ikakatika. Januari 2014 maji yaliikumba Magole na kuharibu daraja la Dumila. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kuwe na kamati za maafa kuanzia wilaya hadi kata na kijiji. Uliza kama kamati ya kijiji chako ipo, wajumbe wake ni nani, na ilikutana lini mara ya mwisho. Kama hakuna anayewafahamu, hoja yako ya mkutano ujao umeshaipata.

Mikumi ina lake. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takribani kilomita 50, kisha inaingia mjini. Barabara hiyo iko chini ya TANROADS, na barabara za ndani ya wilaya ziko chini ya TARURA. Ombi la matuta au kivuko cha wanafunzi likipelekwa ofisi isiyohusika, litazunguka mwaka mzima. Tembo wakila shamba au mnyama akijeruhi mtu, zipo kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi. Serikali haiyaiti malipo hayo fidia, na kiasi chake hakilingani na hasara, lakini ni stahili ya kudai. Toa taarifa mara moja kwa Mtendaji wa Kijiji na afisa wanyamapori, uharibifu upimwe kabla mvua au jembe halijafuta alama, na ubaki na nakala ya fomu. Diwani aulize madai mangapi ya kata yake yametumwa wizarani, na lini.

Ule mchango wa ulinzi wa nyumba kwa nyumba una kanuni yake. Mamlaka ya juu kijijini ni mkutano mkuu wa kijiji, unaomjumuisha kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, na hukutana kila miezi mitatu. Anayeishi Mikumi mjini huanzia kwenye mkutano wa kitongoji chake. Mchango unaojadiliwa na kukubaliwa na wananchi ni wa hiari ya pamoja, ila ukigeuzwa kuwa wa lazima, wenye faini kwa asiyelipa, unahitaji sheria ndogo ya kijiji iliyoidhinishwa na halmashauri. Bila hiyo, hakuna mgambo mwenye haki ya kuchukua kuku, baiskeli wala godoro la mtu. Mapato na matumizi ya mchango huo lazima yasomwe mkutanoni.

Huenda ukanyimwa majibu. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi na kujibiwa ndani ya siku 30. Andika barua kwa Mkurugenzi, nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Juu ya Baraza yuko Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye ripoti yake ya kila mwaka kuhusu serikali za mitaa huwekwa wazi, na iko Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa, inayomwita Mkurugenzi na kumhoji.

Wapo wanaoogopa kuuliza wasije wakawekwa ndani. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inamruhusu Mkuu wa Wilaya kuamuru mtu akamatwe kwa muda usiozidi saa 48, pale tu mtu huyo ametenda kosa linaloruhusu kukamatwa, au anahatarisha amani kwa namna isiyozuilika vinginevyo. Sababu lazima ziandikwe na kupelekwa kwa hakimu. Kuhoji matumizi ya ushuru mkutanoni hakumo. Ukikamatwa hata hivyo, ndugu waulize mara moja saa ya kukamatwa na waiandike, kisha wamtafute msaidizi wa kisheria wa wilaya. Malalamiko yanaweza pia kupelekwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Na kama itabidi kwenda mahakamani, jua kwamba tangu mwaka 2020 halmashauri inashtakiwa kwa utaratibu wa mashauri dhidi ya Serikali: unatoa notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali anaunganishwa kwenye shauri. Shauri lisilo na notisi hutupwa hata kama una haki, kwa hiyo muone wakili au msaidizi wa kisheria kabla ya kuanza, ukiwa na stakabadhi zako, barua zenye mihuri na tarehe ya kila kikao ulichohudhuria.