Somo: Kuokoa Mafuta Uendeshapo Gari la Dizeli

Bei ya dizeli haimo mikononi mwa mtumiaji. Nchini Tanzania, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei hiyo hufuata mwenendo wa soko la dunia. Hata hivyo, kiasi cha dizeli kinachotumika kwa kila kilomita kimo, kwa sehemu kubwa, chini ya mguu wa dereva. Katika somo hili tunaeleza namna ya kukipunguza. Aidha, tunaonya kuhusu desturi moja ambayo wengi huidhania kuwa ni kubana matumizi, ilhali haiokoi mafuta na huhatarisha maisha.

1. Anza kwa kupima

Asiyepima hawezi kujua kama ameokoa. Jaza tangi, kisha andika kilomita zinazosomeka. Utakaporudi kujaza, jaza hadi kiwango kilekile, halafu gawanya kilomita ulizosafiri kwa idadi ya lita zilizoingia.

Tuchukue mfano wa pikapu iliyosafiri kilomita 450 na kujazwa lita 50. Pikapu hiyo huenda kilomita 9 kwa lita moja. Mwenye gari akisafiri kilomita 2,700 kwa mwezi, hununua lita 300. Akifikisha kilomita 10 kwa lita, atanunua lita 270 tu. Tofauti ya lita 30 kwa mwezi ni lita 360 kwa mwaka. Zidisha kwa bei ya leo, nawe utaona thamani ya somo hili.

2. Endesha kwa utaratibu

Injini ya dizeli huvuta kwa nguvu hata inapozunguka polepole. Kwa pikapu na magari madogo mengi, mizunguko kati ya 1,500 na 2,500 kwa dakika hutosha. Kwa hiyo panda gia mapema, lakini usiing'ang'anie gia kubwa hadi injini itetemeke.

Tazama mbali. Ukiona foleni au tuta mbele, ondoa mguu kwenye mafuta mapema. Kila breki ya ghafla hugeuza kuwa joto mafuta uliyokwisha kuyalipia.

Punguza mwendo. Gari likitoka kilomita 80 kwa saa hadi 100, upinzani wa hewa huongezeka kwa zaidi ya mara moja na nusu. Keria iliyo tupu juu ya paa nayo huongeza upinzani huo, iondoe usipoihitaji.

3. Zima injini gari linaposimama

Kwa kuwa dizeli hutumia mafuta machache gari likiwa limesimama, madereva wengi huacha injini ikiunguruma wakati wa kupakia mzigo. Machache si bure: pikapu huweza kutumia kati ya nusu lita na lita moja kwa saa, na lori kubwa hufikia hadi lita tatu. Haba na haba hujaza kibaba. Hata hivyo, injini yenye turbo iliyotoka kuvuta mzigo mzito iachwe kwa takriban dakika moja ipoe kabla ya kuzimwa.

4. Usiteremke mlima kwa gia huru

Dereva atokaye Njombe na shehena ya viazi kuelekea Dar es Salaam hana budi kuteremka Mlima Kitonga. Wapo wanaoweka gia huru, yaani nyutro, wakiamini kuwa wanaokoa mafuta. Imani hiyo ni potofu. Gari likiwa kwenye gia na mguu ukiwa umeondolewa kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Katika injini za kisasa mafuta hukatwa kabisa. Katika nyutro, injini hulazimika kuendelea kuchoma mafuta ili isizimike.

Zaidi ya hayo, injini haisaidii tena kulizuia gari. Breki hubeba uzito wote, hupata joto kali na hatimaye huacha kushika. Anayezima injini kabisa hujiongezea hatari, kwani usukani huwa mzito na breki hukosa msaada wa injini. Kanuni ni nyepesi: punguza mwendo na uingize gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka.

5. Tunza gari na chunguza mafuta

Pima upepo wa tairi angalau mara moja kwa mwezi, tairi zikiwa baridi. Tairi laini huifanya injini ivute zaidi. Safisha au badilisha chujio la hewa mara kwa mara, hasa upitapo barabara za vumbi. Moshi mweusi ni mafuta ambayo hayakuungua vyema. Mwone fundi mapema.

Epuka dizeli ya bei ya kutupa inayouzwa kwenye madumu. Mafuta yaliyochanganywa na mafuta ya taa hayalainishi pampu ipasavyo, na gharama ya pampu mpya hufuta akiba ya miezi mingi. Nunua kituoni na udai risiti kila mara.

Zoezi

Pima matumizi ya gari lako kwa mwezi mmoja kama ulivyozoea kuendesha. Mwezi unaofuata, zingatia mambo matano tuliyoeleza, kisha linganisha. Daftari lako litakupa jibu la kweli.