KUJIFUNZA KWA KUMTAZAMA MGONJWA: FUNZO KUTOKA WODINI KWA WALIMU WANAFUNZI

Mwanachuo anayekwenda mazoezi ya kufundisha kwa mara ya kwanza hulichukua daftari lake la maandalio akidhani kwamba somo limo humo. Baada ya siku mbili hutambua kwamba sehemu kubwa ya somo imo katika nyuso za watoto walio mbele yake. Jambo hili haliwapati walimu peke yao. Katika makala haya tutaangalia jinsi wanafunzi wa uuguzi wanavyojifunza habari za dawa za maradhi ya akili wanapopelekwa wodini, kisha tuone mbinu hiyo inatufaa nini sisi tunaojiandaa kufundisha shule za msingi.

1. Elimu ya darasani

Kabla ya kwenda wodini mwanafunzi wa uuguzi hufundishwa dawa hizo kwa makundi. Huelezwa kwamba klopromazini ilianza kutumiwa kutibu maradhi ya akili mjini Paris mwaka 1952, na kwamba haloperidoli ilitengenezwa Ubelgiji mwaka 1958. Dawa hizi hupunguza sauti ambazo mgonjwa huzisikia ilhali hakuna asemaye, pamoja na mawazo yasiyo na msingi. Amitriptilini hutolewa kwa mwenye huzuni iliyopita kiasi. Lithiamu, ambayo daktari John Cade wa Australia alieleza manufaa yake mwaka 1949, humsaidia mgonjwa ambaye hali yake hupanda na kushuka. Lakini kipimo chake kifaacho kimekaribiana mno na kile kidhuricho, kwa hiyo damu ya mgonjwa haina budi kupimwa mara kwa mara. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu, mwaka 1977, dawa zote nne zilikuwamo.

Mwanafunzi hukariri pia masharti matano ya kutoa dawa: awe mgonjwa yule aliyekusudiwa, dawa ile iliyoandikwa, kwa kipimo chake, kwa njia yake na kwa wakati wake. Yote hayo ni ya lazima. Hata hivyo hayatoshi.

2. Elimu ya wodini

Tuchukue mfano. Mwanafunzi yumo wodini wiki yake ya kwanza. Kijana mmoja aliyeanzishiwa haloperidoli siku chache zilizopita hatulii: hukaa, husimama, hukizunguka kitanda, huinua mguu huu na kuushusha ule. Mwanafunzi anaandika katika ripoti: "Mgonjwa ni msumbufu. Ugonjwa umezidi." Taarifa hiyo ikipokelewa jinsi ilivyo, yamkini kipimo cha dawa kitaongezwa.

Mkufunzi aliye makini huuliza swali moja tu: "Je, umemwuliza mwenyewe?" Mwanafunzi anarudi na kuuliza. Kijana anamjibu: "Sista, mimi sitaki kutembea. Miguu yenyewe hainipi nafasi ya kukaa."

Hali hiyo ni mojawapo ya madhara ya dawa yenyewe, wala si kuzidi kwa ugonjwa. Kuongeza kipimo kungeongeza mateso. Daktari akijulishwa mapema, aweza kukipunguza kipimo au kuibadili dawa. Mwanafunzi yule alikuwa amelisoma jambo hili darasani, na pengine alilipatia alama nzuri katika mtihani. Lakini hakulitambua lilipomjia likitembea kwa miguu miwili.

Katika tukio hilo twaweza kuona hatua nne za kujifunza:

(a) Kutazama. Mwanafunzi humwangalia mgonjwa kabla ya kumpa dawa na baada ya kumpa.

(b) Kuuliza. Mgonjwa ndiye ajuaye jinsi dawa inavyomtenda.

(c) Kuandika kilichoonekana, si hukumu. "Hawezi kukaa dakika mbili" ni taarifa. "Msumbufu" ni hukumu.

(d) Kurudi kitabuni na kwa mkufunzi. Maelezo yaliyokaririwa sasa hupata mahali pa kukaa.

3. Tunapata funzo gani?

Mwalimu naye hukutana na dawa darasani, ingawa hazitoi yeye. Mathalani, mtoto mwenye kifafa huenda anatumia fenobabitoni kila siku. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, si wazimu wala si wa kuambukiza kwa mate. Dawa hiyo huweza kumfanya mtoto asinzie na kuwa mzito wa kujibu. Na watoto wengine, kinyume chake, huwafanya wasitulie hata kidogo. Mwalimu asiyejua humwita wa kwanza mvivu na wa pili mkaidi, akawaadhibu wote wawili kwa kosa ambalo si lao.

Liko na baya zaidi. Mzazi akisikia kwamba mwanawe anasinzia shuleni, aweza kuikatiza dawa ghafla, na kukatiza hivyo huweza kuleta degedege nzito zinazohatarisha maisha. Basi mwalimu asimshauri mzazi kuiacha dawa. Kazi yake ni kuandika alichokiona, saa alipokiona, na kumwomba mzazi aipeleke taarifa hiyo kwa mganga. Taarifa iliyoandikwa vizuri na mwalimu huweza kumsaidia mganga kuliko maneno mengi, kwa sababu mwalimu hukaa na mtoto saa nyingi za mchana.

Hatua zile nne zafaa pia kwa mtoto asiyetumia dawa yoyote. Asiyeandika kitu huenda haoni ubao. Asiyejibu huenda hasikii, au hakula tangu jana. Daftari la maandalio halitatuambia hayo.

4. Zoezi

Katika mazoezi yako ya kufundisha yajayo, mchague mtoto mmoja ambaye walimu wamekwisha kumpa jina baya. Kwa muda wa wiki moja andika kila siku mistari mitatu juu ya yale anayoyatenda, bila kutumia neno lolote la hukumu. Siku ya tano mwite kwa upole umwulize mwenyewe. Kisha jadilianeni na mkufunzi wenu:

1. Je, jina lile lilikuwa lake kwa haki?
2. Ni jambo gani ulilolisoma chuoni ambalo hukulitambua mpaka ulipoliona kwa mtoto huyo?