Epo Moja kwa Siku: Ni Kweli Linamfukuza Daktari?



Ukishuka daladala Ukonga jioni utayaona tu: maepo mekundu, yamefutwa yakang'aa. Kitabuni tunda hili huitwa tufaha. Mtaani ni epo, tunda la kumpelekea mgonjwa, na wengi tunaamini lina nguvu kuliko matunda yote. Je, ni kweli? Na wewe mwenye vijisenti vya mapumziko, usipolila unakosa nini?

Ndani ya epo mna nini?

Zaidi ya asilimia 80 ni maji. Pia mna sukari ya asili na vitamini kidogo. Faida yake kubwa ni nyuzinyuzi: epo la wastani lina gramu 4 hivi, ukilila na ganda lake. Baadhi ya nyuzinyuzi hizo, ziitwazo pektini, huwa kama ute mzito tumboni. Ute huo hukufanya ushibe, huchelewesha sukari kuingia kwenye damu na husaidia kupunguza lehemu. Nyingine hulainisha choo. Ukikamua juisi ukaichuja, nyuzinyuzi umezitupa, sukari umebaki nayo!

Msemo ulitoka wapi?

Msemo wa epo na daktari ulitoka Wales, Uingereza, na ulichapishwa huko mwaka 1866. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu wazima zaidi ya 8,000. Walipozingatia tofauti nyingine za maisha yao, waliokula epo kila siku hawakuonekana kumkwepa daktari kuliko wenzao. Kwa hiyo epo ni chakula kizuri, lakini si kinga ya kila ugonjwa.

Pera nalo je?

Epo hupenda baridi. Hapa nchini hulimwa sehemu za milimani kama Lushoto na Njombe, na mengi yauzwayo Dar hutoka nje, hasa Afrika Kusini. Ndiyo maana bei yake inauma.

Sasa linganisha vitamini C katika gramu 100 za kila tunda:

Epo: miligramu 5 hivi
Chungwa: 50 hivi
Papai: 60 hivi
Pera: zaidi ya 200

Umeona? Pera tunalolidharau linaliacha epo mbali, hata kwa nyuzinyuzi.

Epo jekundu linaongeza damu?

Hapana. Rangi nyekundu si damu, na madini ya chuma ndani ya epo ni kidogo mno. Jambo hili si la mzaha, hasa kwa akina dada. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa wanawake 45 hivi katika kila 100, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa na upungufu wa damu.

Ufanyeje? Kula maharage, mboga za majani, dagaa, na nyama ikipatikana. Katika mlo huohuo ongeza pera, chungwa au papai, maana vitamini C husaidia mwili kufyonza chuma cha kwenye mimea. Chai isubiri kama saa moja, kwa kuwa huzuia chuma hicho.

Ukiwa unasikia kizunguzungu darasani, unachoka ovyo au moyo unakwenda mbio, usijitibu kwa matunda. Nenda zahanati ukapimwe. Huenda ni malaria, minyoo au hedhi nyingi, na kila kimoja kina tiba yake.

Kabla hujang'ata

Osha tunda kwa maji safi na salama, hata kama linang'aa. Kipindupindu hakionekani kwa macho.
Mbegu za epo usizitafune. Zina kitu kinachoweza kugeuka sumu. Ukimeza moja mbili kwa bahati mbaya, usiogope.
Epo si mswaki. Piga mswaki kama kawaida.

Shirika la Afya Duniani linashauri gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Halikusema lazima ziwe za epo.

Zoezi la darasani

Nendeni sokoni wawili wawili. Ulizeni bei ya epo moja. Kwa hela hiyohiyo mngepata mapera, machungwa au vipande vingapi vya papai? Andikeni, kisha mjadili: nani anapata zaidi?