Somo: Kuandika Wasifukazi wa Kuombea Nafasi ya Mafunzo ya Uhasibu

Kila mwaka, muhula wa chuo unapokaribia kwisha, wanafunzi wa uhasibu kutoka Kabazi na wadi jirani za Subukia na Waseges hufunga safari kwenda jijini Nakuru wakiwa na bahasha mkononi. Hutafuta ofisi itakayowapokea kwa mafunzo ya nyanjani. Kwa kozi nyingi, mwanafunzi asiyepata nafasi hawezi kujaza daftari la kumbukumbu za mafunzo, na bila daftari hilo kozi haikamiliki. Karo ambayo mzazi alilipa kwa pesa za maziwa, mahindi au kahawa hubaki ikisubiri muhula mwingine.

Ni kweli kwamba nafasi ni chache na waombaji ni wengi. Hata hivyo, wapo wanaokosa nafasi si kwa kukosa ujuzi, bali kwa sababu wasifukazi wao hauonyeshi ujuzi walio nao. Somo hili linaeleza jinsi ya kurekebisha kasoro hiyo. Mifano imetolewa kwa Kiswahili ili kila mkazi aielewe, mzazi na mwana. Wanaotuma maombi kwa Kiingereza, kama ofisi nyingi zinavyotaka, wafuate kanuni zizo hizo.

Mafunzo ya nyanjani na uanagenzi

Kwanza, mwombaji ajue anaomba nini. Mafunzo ya nyanjani, ambayo wengi huyaita atachimenti, ni ya mwanafunzi ambaye bado yuko chuoni. Huambatana na barua ya chuo na, kwa kawaida, uthibitisho wa bima. Uanagenzi ni wa mtu aliyekwisha kuhitimu. Mpango wa uanagenzi unaosimamiwa na Tume ya Utumishi wa Umma, kwa mfano, ni wa wahitimu na huchukua miezi 12. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anayeomba uanagenzi wa wahitimu huachwa nje kabla wasifukazi wake haujasomwa.

Anayesoma anatafuta nini

Afisa anayepokea maombi huwa na rundo la karatasi mezani na kazi zake nyingine zinamsubiri. Hutafuta majibu ya maswali machache: Mwombaji huyu anasomea nini na amefika wapi? Amewahi kushika rekodi za fedha au mali ya watu? Anaweza kutumia kompyuta? Anapatikana kuanzia lini? Wasifukazi mzuri hujibu maswali haya katika ukurasa wa kwanza. Kwa mwanafunzi, kurasa mbili zinatosha, na mara nyingi hata mmoja unatosha.

Chukua mfano wa mwanafunzi wa stashahada ya uhasibu kutoka Kabazi. Wasifukazi wake uliandikwa kwa haraka katika saiba, juu ya nakala ya mtu mwingine. Unaanza na jina la baba, dini, hali ya ndoa na nambari ya kitambulisho. Unafuata mstari usemao: "Mchapakazi, mwaminifu na mwenye kujituma." Shule ya msingi imepewa mistari minne, chuo mstari mmoja. Kwenye uzoefu wa kazi pameandikwa: "Hakuna."

Neno hilo la mwisho ndilo linalomwangusha, na wala si kweli. Kwa mwaka mzima amekuwa akiandika rekodi za kikundi cha wafugaji 24 wanaouza maziwa kwa pamoja. Kila siku huandika lita za kila mfugaji, na mwisho wa mwezi hulinganisha jumla ya kitabu na stakabadhi za mnunuzi.

Mwezi mmoja kitabu kilionyesha lita 9,486 na stakabadhi zikaonyesha lita 9,468. Tofauti ilikuwa lita 18, ambazo kwa bei ya Sh50 kwa lita ni Sh900. Wanachama walianza kumshuku mwenye gari la kubebea maziwa. Mwanafunzi alikumbuka somo la darasani: tarakimu mbili zinazofuatana zikibadilishana nafasi, tofauti inayotokea hugawanyika kwa 9 bila kubakisha kitu. Kumi na nane ikigawanywa kwa 9 ni 2, nayo 8 na 6 zinapishana kwa 2. Alirudi kwenye ukurasa wa majumuisho, akakuta jumla ya kitabu ilinakiliwa vibaya: 68 iliandikwa 86. Si kila tofauti inayogawanyika kwa 9 hutokana na kosa hilo, lakini hapo ndipo pa kuanza kutafuta. Maziwa hayakuwa yamepotea, na mwenye gari akaondolewa lawama.

Hiyo ni kazi ya uhasibu. Inafaa kuandikwa hivi:

Mtunza rekodi wa kujitolea, kikundi cha wafugaji wa maziwa, Kabazi. Januari 2024 hadi Desemba 2024.
– Niliandika lita za maziwa za wafugaji 24 kila siku.
– Nililinganisha jumla ya kila mwezi na stakabadhi za mnunuzi.
– Niligundua na kusahihisha kosa la lita 18 (Sh900) lililotokana na tarakimu kubadilishana nafasi.

Kila mstari unaanza na kitendo, kisha unataja kiasi au matokeo. Anayesoma hahitaji kuambiwa kwamba mwombaji ni mwaminifu na makini. Ameona mwenyewe.

Uzoefu uliofichika

Wanafunzi wengi wa kijijini wana uzoefu wa namna hii na hawautambui. Kuna aliyekuwa mweka hazina wa chama cha mama yake, aliyeandika michango na mikopo ya wanachama. Kuna aliyesaidia katika duka la jamaa, akahesabu mauzo jioni na kulinganisha pesa zilizo mkononi na ujumbe wa M-Pesa. Kuna aliyeshika fedha za kikundi cha vijana kanisani au msikitini, na aliyekuwa mweka hazina wa klabu ya wanafunzi chuoni. Yote haya yana nafasi katika wasifukazi, mradi yaandikwe kwa tarehe, kiasi na kazi halisi iliyofanywa. Kiasi cha fedha za kikundi kitajwe kwa idhini ya viongozi wake. Majina ya wanachama na madeni yao yasitajwe kamwe.

Mpangilio unaofaa

Jina na mawasiliano. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho. Nambari ya simu iwe ile inayopatikana kila siku, na baruapepe iwe na jina la mwombaji, si jina la utani. Dini, kabila, hali ya ndoa na jina la mzazi havina kazi hapa. Nambari ya kitambulisho itolewe pale tu fomu ya maombi inapoihitaji, kwa kuwa karatasi hii hupita mikononi mwa watu wengi.

Maelezo mafupi. Sentensi mbili au tatu zinatosha: anasomea nini, yuko mwaka gani, anaomba nafasi gani na kwa kipindi kipi. Mfano: "Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa stashahada ya uhasibu. Naomba mafunzo ya nyanjani kuanzia Mei hadi Julai. Nimetunza rekodi za kikundi cha wafugaji 24 kwa mwaka mmoja."

Elimu. Ianze na ya karibuni: chuo, kisha KCSE. Chini ya chuo ataje masomo manne au matano yanayohusiana na nafasi, kama vile uhasibu wa fedha, uhasibu wa gharama, ukaguzi wa hesabu na kodi.

Mitihani ya kitaaluma. Anayefanya mitihani ya KASNEB aandike kiwango alichofikia na mwezi wa mtihani. Mtihani ambao matokeo yake hayajatoka uandikwe kuwa yanasubiriwa.

Ujuzi wa kazi. Kuandika "ninajua kompyuta" hakumwambii msomaji lolote. Aeleze anachoweza kufanya: kujumlisha na kuchuja orodha katika Excel, kuingiza ankara katika QuickBooks, kulinganisha kitabu cha fedha na taarifa ya benki, kuandaa urari wa hesabu.

Uzoefu. Uandikwe kama mfano wa maziwa ulivyoonyesha.

Warejelewa. Wawili wanatosha: mhadhiri mmoja na mtu mmoja aliyesimamia kazi ya mwombaji, kwa mfano mwenyekiti wa kikundi. Waombwe ruhusa kwanza. Mrejelewa anayepigiwa simu na kuuliza "Nani huyo?" humharibia mwombaji.

Kuandika kulingana na ofisi

Karatasi moja haifai ofisi zote. Anayeomba Sacco atangulize rekodi za akiba na mikopo. Anayeomba kampuni ya ukaguzi atangulize kazi ya kulinganisha vitabu na kutafuta makosa. Anayeomba duka kubwa au kiwanda atangulize ankara, hesabu ya bidhaa na kodi ya ongezeko la thamani.

Anayeomba idara ya fedha ya kaunti aonyeshe kwamba anaelewa fedha za umma. Ajue kuwa mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 na kwisha Juni 30, na kwamba matumizi huongozwa na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012. Ajue pia kuwa malipo ya serikali hupitia mfumo wa IFMIS. Hatarajiwi kuwa ameutumia mfumo huo, na asidai kwamba ameutumia.

Ukweli kwanza

Mhasibu huaminiwa fedha za watu. Kwa hiyo uongo kwenye karatasi yake ya kwanza ni kosa kubwa kuliko wasifukazi mfupi. Alama za KCSE na vyeti vya KASNEB huweza kuthibitishwa na taasisi zilizovitoa. Mwaka 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza matokeo ya uhakiki uliobaini vyeti ghushi zaidi ya 2,000 miongoni mwa watumishi wa umma. Baadhi ya waliopatikana na vyeti kama hivyo wamefikishwa mahakamani na kutakiwa kurudisha mishahara.

Kuna kosa jingine ambalo wanafunzi hulifanya bila kukusudia: kuandika "CPA" baada ya jina. Kumaliza mitihani ni jambo moja, na kusajiliwa kuwa mwanachama wa taasisi ya wahasibu, ICPAK, ni jambo jingine. Asiyesajiliwa aandike tu kiwango cha mtihani alichopita.

Alama zikiwa si nzuri sana, mwombaji asizibadilishe. Aandike kozi na mwaka, kisha atangulize kazi aliyoifanya vizuri. Akiulizwa alama, aseme ukweli.

Kabla ya kutuma

Wasifukazi uhifadhiwe kama faili ya PDF ili mpangilio usivurugike, na faili ipewe jina la mwombaji. Barua ya maombi isizidi ukurasa mmoja, na itaje ofisi husika kwa jina sahihi. Barua yenye jina la ofisi nyingine hutupwa. Mwombaji asome kila nambari kwa sauti, kisha ampe mtu mwingine asome pia. Kosa la hesabu katika wasifukazi wa mhasibu halisameheki kwa urahisi.

Wakazi wanakumbushwa kwamba maombi ya nafasi katika utumishi wa umma hayalipiwi. Yeyote anayedai "pesa ya faili" au "ya chai" ili kupitisha jina ni tapeli au anavunja sheria, na aripotiwe kwa polisi au kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi.

Zoezi

1. Mwanafunzi aorodheshe kazi zote alizowahi kufanya zilizohusu pesa, bidhaa au rekodi, hata kama hakulipwa.
2. Kwa kila kazi, aandike mstari mmoja wenye kitendo, kiasi na matokeo.
3. Afute kila sifa isiyo na ushahidi, kama vile "mwaminifu" au "mwenye bidii", na mahali pake aweke mstari mmoja kutoka swali la 2.
4. Ampe mzazi au jirani wasifukazi wake kwa dakika moja, kisha amwulize: "Umesoma nini kunihusu?" Jibu likiwa ni jina na shule tu, karatasi hiyo bado haijakuwa tayari kutumwa.